Jinsi ya Kulitambua Tangazo la Kazi la Uongo Kabla Halijakugharimu

Kwa miaka mingi watafuta kazi wameambiwa kwamba tangazo la uongo hujifichua kwa lugha yake: tahajia mbovu, herufi kubwa mahali pasipostahili, nembo iliyofifia na salamu za ajabuajabu. Ushauri huo ulifaa wakati wake, lakini leo unaweza kukuponza. Programu za akili mnemba huandika barua safi kwa lugha nyingi katika sekunde chache, nembo ya kampuni yoyote hunakiliwa bila jasho, na picha za ofisi zenye kuta za vioo zimejaa mtandaoni. Wakati huohuo wapo waajiri halali, hasa wenye biashara ndogo, wanaoandika matangazo kwa haraka na kwa makosa mengi. Anayelipima tangazo kwa sura yake atakosea mara mbili: atamwamini tapeli nadhifu, na atamkimbia mwajiri wa kweli ambaye kosa lake ni kutojua kuandika.

Kipimo kinachodumu ni mwelekeo wa mambo, yaani nani anampa nani nini, na lini. Katika ajira ya kweli mwenye haja ya mfanyakazi ndiye anayegharamia kumtafuta: hulipia tangazo, huteua watu wa kusoma maombi, huandaa usaili, na mwishowe hulipa mshahara kwa kazi iliyofanyika. Mwombaji hutoa muda wake na maelezo machache kumhusu, basi. Katika tangazo la uongo mkondo hugeuka. Mwombaji ndiye anayetoa kwanza, iwe ni fedha, nakala za vitambulisho, namba za siri, matumizi ya akaunti yake au hata hati yake ya kusafiria, na anachopokea ni ahadi tu. Hila hubadilika kila mwaka, lakini mkondo huo uliogeuzwa haubadiliki, kwa kuwa bila huo tapeli hapati kitu.

Ujumbe mmoja ukichambuliwa

Tuseme ujumbe ufuatao umeingia kwenye simu yako kutoka namba usiyoijua:

“Hongera! Wasifu wako umepitishwa na idara yetu ya rasilimali watu. Tunahitaji wasaidizi wa mtandaoni 40, kazi ya saa moja hadi mbili kwa siku ukiwa nyumbani. Uzoefu hauhitajiki, mafunzo yanatolewa bure. Malipo ni kila siku. Nafasi zilizobaki ni 6. Bonyeza kiungo hiki uzungumze na meneja wetu kabla ya saa 12 jioni leo.”

Neno la kwanza la kuhoji ni “umepitishwa”. Je, uliomba? Wako waajiri na mawakala halali wanaomfuata mtu ambaye hajaomba, lakini hao huweza kueleza walikupata wapi, kazi inaitwaje, na kwa nini wasifu wako umewavutia. Waulize maswali hayo matatu. Anayetuma ujumbe uleule kwa maelfu ya watu hana jibu linalokuhusu wewe, na mara nyingi atakujibu kwa hongera nyingine.

“Wasaidizi wa mtandaoni” si cheo. Njia rahisi ya kulipima tangazo ni kujiuliza: siku ya kwanza kazini, saa nne asubuhi, nitakuwa nafanya nini? Tangazo la kweli, hata likiwa fupi, hukuwezesha kujibu. Utakuwa unapanga bidhaa ghalani, unafundisha hesabu, unapokea simu za wateja, unarekebisha programu. Tangazo la uongo hueleza malipo kwa kina na kazi kwa ukungu, kwa sababu kazi yenyewe haipo na mtu hawezi kueleza kwa undani kitu kisichokuwapo.

Kauli kwamba uzoefu hauhitajiki si kosa; kazi nyingi za heshima hazihitaji uzoefu. Kinachotia shaka ni kauli hiyo kukaa pamoja na malipo makubwa na saa chache. Tafuta matangazo mengine matatu au manne ya kazi inayofanana na hiyo, kutoka kwa waajiri tofauti, kisha linganisha. Tofauti ndogo ni ya kawaida. Lakini tangazo moja likilipa mara mbili au tatu ya mengine yote, bila kudai ujuzi wowote wa ziada, kuna jambo halijasemwa.

“Nafasi zilizobaki ni 6” na “kabla ya saa 12 jioni” hufanya kazi moja: kukunyima muda wa kumuuliza mtu mwingine. Ni kweli kwamba ajira halali pia ina mwisho wa kupokea maombi, lakini mwisho huo ni tarehe iliyotangazwa kwa kila mtu, na hakuna mwajiri mwenye akili timamu atakayefuta ofa kwa sababu umeomba siku moja ya kufikiri. Hiyo ni njia nzuri ya kujaribu. Jibu hivi: “Asante, nitawapa jibu kesho baada ya kushauriana na familia.” Kisha tazama kinachofuata. Mwajiri atasema sawa. Tapeli ataongeza shinikizo, atakulaumu, au ghafla atakutangazia kwamba amekuongezea muda kwa upendeleo.

Mwisho, kiungo. Matangazo mengi ya uongo huanzia kwenye jukwaa la ajira linaloheshimika kisha humhamisha mwombaji upesi kwenda kwenye programu ya ujumbe kama WhatsApp au Telegram. Sababu ni kwamba jukwaani mazungumzo hubaki, wasimamizi huweza kuyaona, na akaunti ikilalamikiwa hufungwa. Mwajiri kutumia WhatsApp si dalili tosha, kwa maana wengi waaminifu huitumia. Lakini ajira ambayo mchakato wake wote, kuanzia salamu hadi barua ya kupewa kazi, umefanyika kwa maandishi ya simu bila kumwona wala kumsikia mtu, ni ajira ya kukataa.

Anwani husomwa kutoka kulia

Hapa ndipo watu wengi, hata waliosoma, hunaswa, kwa hiyo inafaa tuende polepole. Jina la tovuti huonekana kama linasomwa kutoka kushoto, lakini mwenye mali hutambuliwa kwa kusoma kutoka kulia. Tafuta mkwaju (/) wa kwanza ulio peke yake, yaani usiohesabu ile miwili inayofuata https, kisha rudi kushoto. Neno lililo kabla ya kile kiishio cha mwisho, kama vile .com au .net, ndilo jina la mwenye tovuti. Tuchukue neno “kampuni” kuwa mahali pa jina lolote unalolijua. Katika ajira.kampuni.com mwenye tovuti ni kampuni. Katika kampuni.com.ajira-mpya.net mwenye tovuti ni huyo aliyesajili “ajira-mpya”, na lile jina la mbele ni pambo tu lililowekwa ili jicho litulie. Vivyo hivyo kampuni-ajira.com si mali ya kampuni. Kistari hakina mamlaka yoyote, na mtu yeyote anaweza kusajili jina la namna hiyo kwa ada ndogo ndani ya dakika chache.

Viishio vya nchi vyenye sehemu mbili, kama vile .co.ke, .go.tz au .co.uk, huhesabiwa kuwa kiishio kimoja. Jina la mwenye mali hukaa kabla yake. Chunga pia herufi zinazofanana: r na n zikisimama pamoja husomeka kama m, na tarakimu 1 hujifanya herufi l.

Kanuni hiyohiyo hutumika kwa barua pepe, ambako kinachohesabiwa ni sehemu iliyo baada ya alama ya @. Jina linaloonekana juu ya ujumbe, mathalani “Idara ya Ajira”, huandikwa na mtumaji mwenyewe apendavyo. Kwenye simu janja mara nyingi jina hilo pekee ndilo huonyeshwa, na anwani halisi hujificha hadi uliguse. Liguse. Shirika kubwa linalokuandikia kuhusu ajira kwa anwani ya bure, aina ile ambayo mtu yeyote hujifungulia, linadaiwa maelezo.

Alama ya kufuli iliyokuwa ikionekana kando ya anwani imewapotosha wengi. Maana yake ilikuwa kwamba mawasiliano kati ya kifaa chako na tovuti yamefichwa yasidukuliwe njiani. Haikusema lolote kuhusu uaminifu wa mwenye tovuti, na vyeti vinavyoiwezesha hutolewa bure. Uelewa huo potofu ulienea kiasi kwamba Septemba 2023 Google iliibadilisha alama hiyo katika kivinjari cha Chrome, toleo la 117, na kuweka nyingine isiyoashiria usalama.

Umri wa tovuti ni ushahidi wenye uzito zaidi. ICANN, shirika linaloratibu majina ya tovuti duniani, lina ukurasa wa bure wa upekuzi, lookup.icann.org, ambako ukiandika jina la tovuti utaonyeshwa tarehe liliposajiliwa. Majina mengi yenye viishio vya nchi hupekuliwa kwa msajili wa nchi husika. Kampuni inayodai kuwa na uzoefu wa miaka 20 lakini tovuti yake ilisajiliwa wiki tatu zilizopita imejijibu yenyewe.

Toka nje ya tangazo

Kosa la kawaida ni kulithibitisha tangazo kwa kutumia vitu vilivyomo ndani ya tangazo lenyewe. Mwombaji huona namba ya simu, hupiga, hupokelewa na sauti ya upole inayothibitisha kila kitu, naye huridhika. Lakini anayepokea simu hiyo ni yuleyule aliyeandika tangazo. Hata kukuta kampuni imesajiliwa serikalini hakutoshi, kwa sababu matapeli wa siku hizi hawabuni kampuni; huazima jina la kampuni iliyopo, pamoja na namba yake ya usajili, anwani ya jengo lake na majina ya wakurugenzi wake. Kampuni ni ya kweli, tangazo ni la uongo.

Kwa hiyo fanya hivi. Funga tangazo. Fungua ukurasa mpya, andika jina la kampuni kwa mkono wako, ingia kwenye tovuti yake rasmi, nenda sehemu ya ajira, na utazame kama nafasi hiyo ipo. Usibonyeze matokeo ya juu kabisa ya utafutaji bila kuyasoma, kwa kuwa nafasi hizo za juu huweza kununuliwa kama matangazo ya biashara. Nafasi isipoonekana, piga simu ya ofisi kuu iliyoandikwa kwenye tovuti hiyo, uombe idara ya ajira, na uwatajie cheo pamoja na jina la mtu anayekuandikia. Simu ya dakika tano hukata mzizi wa fitina. Wapo wanaoona haya kupiga, wakidhani wataonekana wasumbufu. Kampuni ambayo jina lake linatumiwa kutapeli watu kwa kawaida hufurahi kuarifiwa.

Picha ya anayejitambulisha kama ofisa ajira nayo hupekuliwa. Huduma kama TinEye na Google Lens hupokea picha na kuonyesha mahali pengine ilipotokea mtandaoni, na si ajabu “meneja” akaonekana kuwa mwanamitindo wa picha za kuuza au daktari wa nchi nyingine asiye na habari. Nakili pia sentensi moja ya tangazo, iweke ndani ya alama za kunukuu, na uitafute. Sentensi hiyohiyo ikitokea chini ya majina ya kampuni sita tofauti, umemaliza kazi.

Ada zenye majina mengi

Ada hubadilisha majina kama mtu anayekimbia madeni: ya usajili, ya fomu, ya mafunzo, ya sare, ya bima, ya kuhifadhi nafasi, ya “kuharakisha faili”. Mara nyingi huambatana na neno “itarudishwa”, ambalo kazi yake ni kuifanya ionekane si malipo. Mkataba Na. 181 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1997, unaeleza katika kifungu cha 7 kwamba mawakala binafsi wa ajira hawatawatoza wafanyakazi ada wala gharama, moja kwa moja au kwa mzunguko, isipokuwa pale mamlaka ya nchi inaporuhusu kwa makundi maalumu. Umoja wa Mataifa, ambao jina lake hutumiwa sana na matapeli, hutamka wazi katika matangazo yake ya kazi kwamba hautozi ada katika hatua yoyote ya uajiri na wala haujishughulishi na taarifa za akaunti za benki za waombaji.

Zipo gharama halisi ambazo mwombaji huweza kuzibeba, kama vile cheti cha polisi au uchunguzi wa afya, na ni vizuri kuzitenganisha na hila. Tofauti iko katika anayelipwa. Gharama halisi huilipa wewe mwenyewe, kwenye ofisi ya umma au kituo cha afya, na risiti hubaki kwako. “Mwajiri” anayekutaka umtumie fedha yeye, au wakala wake, au akaunti ya mtu binafsi, ili akulipie, hafanyi uajiri.

Usidanganyike na udogo wa kiasi. Ada ndogo huwekwa makusudi ili isimfanye mtu afikiri mara mbili, na ikizidishwa kwa mamia ya waombaji huwa fedha nyingi. Zaidi ya hapo, malipo ya kwanza ni mtihani: anayelipa kidogo bila kuuliza huingizwa katika orodha ya watu wanaolipa, na baada ya siku mbili hutokea ada nyingine.

Ipo pia njia ya kinyume, ambayo humchanganya hata mtu aliyekwisha kuapa kutolipa ada. “Mwajiri” hukutumia hundi kwa ajili ya kununua kompyuta na vifaa vya kazi, kisha hukuambia kiasi kimezidi, umrudishie ziada au umlipe muuzaji fulani. Benki huweza kukuonyesha fedha hizo kwenye salio kabla hundi haijathibitishwa. Siku au wiki kadhaa baadaye hundi hugundulika kuwa ya kughushi, benki huziondoa, na kile ulichotuma kwa “muuzaji” kinabaki kuwa deni lako.

Majukumu ya kubonyeza

Aina iliyokua kwa kasi kuliko zote katika miaka ya karibuni ni ile ya kazi za kubonyeza: kupenda video, kuzipa hoteli nyota, “kukuza” bidhaa ndani ya programu maalumu. Tume ya Biashara ya Shirikisho ya Marekani haikupokea malalamiko yoyote ya aina hii mwaka 2020. Mwaka 2023 ilipokea takriban 5,000, na katika nusu ya kwanza ya mwaka 2024 yakafika kama 20,000. Hasara zilizoripotiwa katika nusu mwaka huo kwa utapeli wa ajira wa kila aina zilizidi dola milioni 220.

Ubunifu wake ni wa kikatili kwa sababu huanza kwa kukulipa. Unamaliza majukumu ya siku ya kwanza, salio linapanda kwenye kioo, unaomba kutoa kiasi kidogo, na kweli kinaingia. Unawekwa katika kundi la “wafanyakazi wenzako” wanaopongezana na kuonyeshana mapato. Wengi wao ni tapeli mmoja mwenye simu nyingi. Kisha siku moja linatokea jukumu la daraja la juu, lenye faida kubwa, ambalo limelifanya salio lako liwe hasi. Ili kulifungua unatakiwa uweke fedha zako, kwa kawaida kwa sarafu za kidijitali ambazo zikishatumwa hazirudishwi. Ukiweka, linakuja jingine kubwa zaidi. Watu huendelea kulipa si kwa ujinga, bali kwa sababu wanaona salio lao likisoma kiasi kikubwa na hawataki kulipoteza, ingawa salio hilo ni tarakimu zilizoandikwa kwenye kioo na hazina fedha nyuma yake.

Ishike kanuni moja hapa: kazi haidai mtaji kutoka kwa mfanyakazi. Nami ningeongeza kwamba hata kama malipo yangekuwa ya kweli, kumpa nyota hoteli ambayo hujawahi kulala ni kumdanganya msafiri fulani, na anayeanza uhusiano kwa kukuajiri udanganye wengine hana sababu ya kukuacha wewe.

Unachotoa kuhusu wewe mwenyewe

Si kila tangazo la uongo linataka fedha. Mengine hukusanya watu wenyewe. Wasifu wa kuomba kazi unahitaji jina, njia ya kukupata, mji, elimu na uzoefu. Hauhitaji namba ya kitambulisho, namba ya akaunti, majina ya wazazi wala tarehe kamili ya kuzaliwa. Vyeti huonyeshwa kwenye usaili. Kitambulisho na akaunti ya kulipia mshahara huja baada ya kuuona mkataba wenye jina na sahihi. Anayeviomba kabla ya usaili amegeuza mpangilio. Nywila, namba ya siri ya kadi, tarakimu tatu zilizo nyuma ya kadi na msimbo wa mara moja unaoingia kwa ujumbe mfupi havihitajiki katika hatua yoyote ya ajira yoyote, na msimbo huo hasa, ambao huombwa kwa kisingizio cha “kuthibitisha ombi lako”, kwa kawaida ndio ufunguo wa akaunti yako ya WhatsApp, barua pepe au benki.

Ombi la kujipiga picha ukiwa umeshika kitambulisho chako kando ya uso lichukulie kwa uzito mkubwa. Picha ya namna hiyo hutumiwa na baadhi ya taasisi za fedha kufungulia akaunti na kutolea mikopo kwa njia ya mtandao. Unapolazimika kutuma nakala ya kitambulisho, andika juu ya nakala, kwa kuvuka katikati ya maandishi, kwamba ni kwa ajili ya maombi ya kazi fulani, kampuni fulani, pamoja na tarehe. Hilo halimzuii mhalifu kabisa, lakini humpunguzia thamani ya alichokipata.

Kuna kazi zinazoajiri akaunti yako badala ya ujuzi wako. Unaelezwa kuwa “wakala wa malipo”: fedha zitaingia kwako, utabakiza asilimia fulani na kuzituma mbele. Au utapokea vifurushi nyumbani, ubadilishe lebo, uvisafirishe. Fedha hizo kwa kawaida zimeibwa kwa watu wengine na vifurushi vimenunuliwa kwa kadi za wizi, na wachunguzi wakifuata nyayo, jina la kwanza watakalolikuta ni lako.

Mafaili nayo ni mlango. Maelezo ya kazi hayahitaji kusakinisha programu, wala kufungua faili lililobanwa na kufungwa kwa nywila. Asidhani mtu kwamba hili huwapata wasiojua kompyuta: Machi 2022 mtandao wa Ronin, unaobeba mchezo wa Axie Infinity, uliibiwa sarafu za kidijitali zenye thamani ya zaidi ya dola milioni 600, na miezi michache baadaye vyombo vya habari viliripoti kwamba wezi waliingia kupitia mhandisi mwandamizi aliyepitishwa katika usaili wa uongo wa hatua kadhaa, kisha akatumiwa barua ya kupewa kazi iliyokuwa na programu hasidi ndani yake.

Kazi ya ng'ambo

Hapa hasara huweza kuwa mtu mwenyewe. Agosti 2023 Ofisi ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa ilitoa ripoti inayokadiria kwamba watu wasiopungua 120,000 nchini Myanmar, na wapatao 100,000 nchini Kambodia, huenda wanashikiliwa na kulazimishwa kuendesha utapeli wa mtandaoni. Wengi walikuwa na elimu, wengine wakiwa na shahada na lugha zaidi ya moja, na waliondoka makwao wakiamini wanakwenda kwenye ajira. Baadhi yao walitoka Afrika.

Kabla ya kukubali, taka mkataba ulioandikwa kwa lugha unayoielewa, wenye jina la mwajiri, mahali pa kazi, mshahara na saa, ukiwa bado nyumbani. Viza iwe ya kazi na, pale inapoandikwa, imtaje mwajiri huyohuyo. Ahadi kwamba utaingia kwa viza ya utalii kisha “mambo yatapangwa hukohuko” inatosha kusitisha safari. Nenda wizara inayohusika na kazi uulize kama wakala ana leseni hai, na uupe ubalozi wa nchi uendako nafasi ya kukuambia kama mwajiri huyo anafahamika. Nauli inayolipwa na mwajiri kwa sharti kwamba itakatwa mshahara kwa kiwango kisichoandikwa ni deni lisilo na mwisho. Nchi ya kufikia ikibadilishwa ghafla ukiwa njiani, usipande ndege ya pili. Hati ya kusafiria haitoki mikononi mwako isipokuwa kwa ofisa wa mpaka au wa ubalozi. Kuzuiliwa kwa hati za utambulisho ni miongoni mwa viashiria 11 vya kazi ya kulazimishwa vilivyotolewa na Shirika la Kazi Duniani.

Muachie ndugu unayemwamini nakala ya mkataba, viza, tiketi na anwani, na mkubaliane neno la kawaida ambalo ukilitamka kwenye simu atajua kwamba huzungumzi kwa hiari.

Ukishatoa

Aibu ndiyo inayompa tapeli muda, kwa sababu aliyelizwa hukaa siku mbili akijilaumu wakati fedha zinahamishwa kutoka akaunti moja hadi nyingine. Saa ya kwanza ina thamani kuliko siku zote zinazofuata. Ipigie simu benki au kampuni iliyosafirisha fedha, kwa namba iliyo nyuma ya kadi au kwenye tovuti yao rasmi, uwatajie namba ya muamala, na uombe wauzuie. Kama ulitoa nywila, ibadilishe kwa kutumia kifaa kingine, ukianza na barua pepe, kwa kuwa ndiyo inayofungulia akaunti nyingine zote. Kama ulisakinisha programu, kata intaneti ya kifaa hicho kabla ya jambo jingine lolote.

Usiyafute mazungumzo, hata kama kuyaona kunakukera. Piga picha za kioo zenye namba, tarehe, viungo na risiti, kisha utoe taarifa polisi na kwa jukwaa lililobeba tangazo. Kama nakala ya kitambulisho chako imekwenda, iarifu benki yako kwa maandishi, na uombe taasisi ya taarifa za mikopo ya nchi yako ikuonyeshe kama kuna mkopo uliofunguliwa kwa jina lako. Rudia baada ya miezi michache, kwani taarifa za watu huuzwa na hutumiwa baadaye.

Kisha jiandae kwa simu ya pili. Baada ya siku au wiki, mtu atakutafuta akijitambulisha kama mwanasheria, mpelelezi au mtaalamu wa mitandao anayeweza kuzirejesha fedha zako, na atajua kiasi ulichopoteza na tarehe uliyokipoteza. Anajua kwa sababu ni walewale, au wamemuuzia orodha. Ataomba ada kidogo ya kufungulia faili.